Nondo mzimu wa New Zealand: Miaka mitano gizani, siku mbili angani

KILA ifikapo majira ya kuchipua katika Kisiwa cha Kaskazini cha New Zealand, yaani kati ya Septemba na Novemba, wakazi wa nyumba zilizo jirani na misitu huanza kupokea mgeni wa usiku. Hubisha dirishani, akazunguka taa ya barazani mara kadhaa, kisha akatua ukutani na kutulia kana kwamba ni jani bichi lililopeperushwa na upepo.

Mgeni huyo ni nondo, mdudu wa jamii moja na vipepeo, ila yeye huruka usiku. Rangi yake ni ya kijani, na mabawa ya jike yakikunjuliwa hufikia upana wa milimita 150, kiasi cha kufunika kiganja cha mtu mzima. Dume ni mdogo zaidi, naye hufikia takriban milimita 100. Hakuna nondo mwingine nchini humo anayemzidi kwa ukubwa.

Wamaori, ambao ndio wenyeji wa asili wa New Zealand, humwita pepetuna. Kwa Kiingereza amepewa jina la mti wa puriri, ambao ni miongoni mwa miti anayoipenda sana. Jina lake la kitaalamu ni Aenetus virescens, na aliyemwandika kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi ni Mwingereza Edward Doubleday, mwaka 1843.

Anayemwona usiku huo kwa kawaida hudhani kwamba amemwona mdudu mchanga, aliyeanguliwa juzi na mwenye maisha marefu mbele yake. Ukweli ni kinyume chake. Mdudu huyo ni mzee wa miaka minne, mitano, na pengine sita. Karibu maisha yake yote ameyamaliza gizani, ndani ya shina la mti, na muda uliosalia kabla hajafa ni takriban saa 48.

Hana mdomo wa kulia

Nondo huyu ni wa familia ya Hepialidae, ambayo wanachama wake hujulikana kama nondo mizimu. Familia hiyo ina zaidi ya aina 600, nazo zimeenea katika mabara yote isipokuwa Antaktika. Jina la mzimu lilianzia Ulaya, kwa aina moja iliyoandikwa na Carl Linnaeus mwaka 1758. Madume wa aina hiyo ni weupe, na jioni hukusanyika juu ya nyasi wakielea na kuyumba huku na huko mithili ya vitu vilivyotundikwa kwenye uzi usioonekana. Mtu anayepita shambani machweo akikutana nao ghafla, hana budi kushtuka.

Wataalamu wa wadudu huihesabu familia hii kuwa ya kale miongoni mwa nondo. Mabawa yao ya mbele na ya nyuma hushikamana kwa kipande kidogo kinachojitokeza mwanzoni mwa bawa la mbele, tofauti na nondo wengi wa leo ambao hutumia nywele ngumu mfano wa ndoano. Vipapasio vyao ni vifupi mno. Lililo kubwa zaidi ni kwamba hawana mrija wa kufyonzea asali ya maua kama walivyo nao vipepeo, na sehemu za mdomo wao hazifanyi kazi.

Kwa maneno mengine, pepetuna aliyekomaa hali wala hanywi. Nguvu zote anazotumia kuruka, kutafuta mwenzi na kutaga ni akiba aliyojiwekea alipokuwa kiwavi. Akiba hiyo ikiisha, naye amekwisha.

Ndiyo maana saa hizo 48 hazina nafasi ya kupoteza. Jike na dume hupandana, kisha jike huanza kudondosha mayai yake chini msituni bila kuchagua mahali. Hajengi kiota, hayagandishi kwenye jani, wala hayalindi. Jike mmoja anaweza kudondosha hadi mayai 2,000.

Idadi hiyo ni kubwa, lakini katika familia hii si ya kushangaza. Jike mmoja wa nondo mzimu wa Australia aliwahi kuhesabiwa akitaga mayai 29,100, na baada ya kufa alikutwa na mengine 15,000 tumboni. Nondo wa namna hii hawatunzi watoto wao, hutegemea wingi. Mayai mengi huliwa, hukauka au huoza, na wanaofikia kuwa nondo kamili ni wachache mno.

Maisha yaanza kwenye gogo lililooza

Baada ya takriban wiki mbili yai huanguliwa na kutoa kiwavi mdogo sana. Kwa muda mrefu haikueleweka vizuri kiwavi huyo anakula nini, kwa vile viwavi wanaokutwa ndani ya miti huwa tayari wamekua. Aliyetoa mwanga mkubwa juu ya suala hilo ni mtafiti John Grehan, ambaye mwaka 1987 alichapisha maelezo ya mzunguko mzima wa maisha ya mdudu huyu.

Ilibainika kwamba kiwavi mchanga haendi kwenye mti moja kwa moja. Kwa miezi yake ya mwanzo huishi chini, katikati ya majani makavu na magogo yanayooza, akijifunika kwa utando wa hariri anaoutengeneza mwenyewe. Chakula chake ni kuvu, hususan uyoga mgumu unaoota ubavuni mwa magogo kama vibao vya rafu.

Anapopata nguvu ya kutosha, huacha sakafu ya msitu na kupanda kwenye mti ulio hai. Huo ndio wakati wa hatari kubwa. Hana tena gogo la kujificha wala hajapata tundu la kuingia, na ndege na wadudu walao wenzao wanamwinda. Akifika mahali panapomfaa kwenye shina, huanza kutoboa.

Anachotafuna si mbao

Tundu la pepetuna lina umbo linalofanana na tarakimu 7. Kwanza huingia ndani ya shina kwa mlalo, kisha hukata kona na kuteremka chini. Sehemu hiyo ya kuteremka ndiyo chumba chake. Kila mwaka unaopita, jinsi kiwavi anavyonenepa, ndivyo chumba kinavyopanuliwa. Kiwavi aliyekomaa hufikia urefu wa milimita 100.

Mlangoni hufuma pazia la hariri, akalichanganya na vipande vya gome na unga wa mti. Pazia hilo hufanana mno na gome lenyewe, kiasi kwamba mtu anaweza kusimama mbele ya mti wenye viwavi kadhaa na asione chochote zaidi ya alama hafifu.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hulikosea. Kwa mazoea, mdudu akikutwa ndani ya mti hudhaniwa kuwa anaula mti huo, kama bungua anavyokula kitanda au boriti mpaka ikawa unga. Pepetuna hali mbao. Mbao anazozitoboa anazitoa nje. Tundu ni nyumba yake, si chakula chake.

Chakula kiko mlangoni. Anapoondoa gome kuzunguka tundu, mti hujeruhiwa, na kama ilivyo kwa jeraha lolote, mti hujitahidi kuliziba kwa kuotesha tishu mpya, laini na yenye virutubisho, kutoka kwenye kingo za kidonda. Usiku ukiingia, kiwavi hupanda kutoka chumbani, hukaa chini ya pazia lake, na kuila tishu hiyo. Kesho yake mti huotesha nyingine. Kiwavi naye hurudi kuila.

Hali hiyo huendelea usiku baada ya usiku kwa miaka kadhaa. Mti haufanikiwi kufunga jeraha, na kiwavi hafanyi pupa ya kulipanua kupita kiasi. Anakula riba, mtaji anauacha. Mti ukifa, naye atakuwa amejinyima chakula kabla ya wakati wake, kwani hana namna ya kupata kingine.

Anapoondoka, mti mkubwa wenye afya huendelea na kazi yake ya kuziba jeraha. Kinachobaki juu ya gome ni kovu, na ndani ya shina ni tundu tupu.

Siku ya kutoka

Mwisho wa miaka hiyo, kiwavi huingia katika hatua ya pupa, humo humo ndani ya chumba chake. Pupa wa wadudu wengi hutulia tu mahali pamoja, lakini huyu ana safu za miiba midogo mwilini inayomwezesha kupanda na kushuka ndani ya tundu. Baada ya miezi kadhaa, jioni moja hupanda hadi mlangoni, husukuma pazia la hariri, na kujitokeza nusu ya mwili.

Ganda hupasuka. Anayetoka ana mabawa yaliyosinyaa na kulowana. Hujishikiza kwenye gome, akasubiri mabawa yakunjuke na kukauka, kisha usiku huo huo huruka. Asubuhi yake ganda tupu la pupa huonekana likining'inia kwenye tundu, na hiyo ndiyo ishara kwamba mwenye nyumba amehama.

Ukifanya hesabu, miaka mitano ni zaidi ya siku 1,800. Siku mbili za kuruka ni karibu sehemu moja kwa 900 ya maisha ya mdudu huyu. Hata hivyo, ni sehemu hiyo ndogo ndiyo iliyompa jina, picha vitabuni na umaarufu miongoni mwa watu.

Mti wa puriri na wenzake

Puriri ni mti wa jenasi ya Vitex, jenasi ambayo ina ndugu zake Afrika Mashariki pia. Mfudu, ambao matunda yake meusi huokotwa na watoto katika sehemu nyingi za pwani na bara, ni Vitex. Mbao za puriri ni ngumu na nzito, tena haziozi upesi, na walowezi wa karne ya 19 waliukata mti huo kwa wingi ili kupata nguzo za uzio, misingi ya nyumba na mataruma ya reli.

Katika biashara hiyo pepetuna alihesabiwa kuwa adui. Gogo likipasuliwa na kukutwa na matundu, thamani ya mbao ilishuka. Kwenye mashamba ya miti, mikaratusi michanga iliyotobolewa huweza kuvunjwa na upepo pale penye tundu, kwa kuwa shina lake bado ni jembamba. Hilo ni dhara la kweli, na haliwezi kukanushwa. Lakini katika msitu wa asili, miti mikubwa huishi na viwavi hawa bila kuanguka.

Tena si puriri pekee. Makumi ya aina za miti, ya asili na ya kigeni, hupokea viwavi hawa. Mmojawapo huitwa putaputawētā. Jina hilo lina historia: wētā ni mdudu asiyeruka, wa jamii moja na panzi na nyenje, ambaye huhamia katika matundu yaliyoachwa na pepetuna na kujificha humo mchana. Wamaori walipoona wētā wakitoka kwa wingi kwenye mashimo ya mti ule, wakauita kwa jina lao. Buibui nao hupanga humo humo.

Kwa hiyo tundu ambalo mfanyabiashara wa mbao huliita kasoro, kwa viumbe wengine ni nyumba iliyokwisha kujengwa. Wētā hana meno ya kuchonga chumba kama kile ndani ya mti mgumu. Anamtegemea fundi aliyemtangulia.

Chambo, methali na maadui

Wamaori walimfahamu mdudu huyu kabla ya wanasayansi wa Ulaya. Katika lugha yao pepe ni nondo, na tuna ni mkunga, samaki mrefu mithili ya nyoka anayeishi mitoni. Majina hayo mawili yaliunganishwa kwa sababu mdudu huyu alitumika kama chambo cha kuvulia mikunga. Kiwavi wake huitwa mokoroa.

Jina hilo la mokoroa limo pia katika methali yao inayosema kwamba mokoroa ni mdogo, lakini ndiye anayeutafuna mti wa kahikatea, ambao ni mrefu kuliko miti yote ya asili nchini humo. Maana yake haiko mbali na ya Waswahili wanaposema usidharau mwiba mdogo: kitu kidogo chenye subira kinaweza kukishinda kikubwa.

Maadui wa pepetuna ni wengi. Kasuku wa msituni aitwaye kākā hupasua gome kwa mdomo wake wenye nguvu na kumchomoa kiwavi. Bundi wa huko, ruru, humdaka nondo mwenyewe angani. Hawa ni maadui wa zamani, waliokuwapo tangu kale, na pepetuna aliendelea kuishi pamoja nao.

Maadui wapya ndio wenye kuleta wasiwasi. Kabla ya binadamu kufika, New Zealand haikuwa na wanyama wa nchi kavu wanaonyonyesha isipokuwa popo. Panya, paka na posamu wote waliletwa na watu. Posamu, mnyama wa usiku abebaye mtoto mfukoni, aliingizwa kutoka Australia katika karne ya 19 kwa ajili ya biashara ya manyoya. Mnyama huyo na paka humla nondo huyu anapotua.

Msitu nao umepungua. Kabla ya binadamu kufika, takriban asilimia 80 ya nchi ilikuwa msitu. Leo msitu wa asili uliobaki ni takriban robo ya nchi. Mwaka 2016 serikali ilitangaza mpango wa kuwaondoa panya, posamu na wanyama wa jamii ya cheche ifikapo mwaka 2050. Mpango huo ulilenga zaidi kuwaokoa ndege, lakini wadudu wakubwa kama pepetuna na wētā nao watanufaika endapo utafanikiwa.

Ndugu zake, Afrika mojawapo

Pepetuna hapatikani mahali pengine duniani isipokuwa Kisiwa cha Kaskazini, lakini ana ndugu wanaoishi maisha yanayofanana na yake. Nchini Australia yupo nondo mzimu mwenye mabawa ya upana wa hadi milimita 250, ambaye kiwavi wake hutoboa mikaratusi. Katika milima ya Himalaya viwavi wa nondo mizimu huishi ardhini, na hushambuliwa na kuvu ambayo huuzwa kwa bei kubwa mno kama dawa ya jadi ya Kichina na Kitibeti.

Barani Afrika anayejulikana zaidi ni Leto venus wa kusini mwa Afrika Kusini, katika misitu ya eneo la Knysna. Mabawa yake ya mbele yana madoa ya fedha yanayong'aa, na kiwavi wake hutoboa shina la mti uitwao keurboom. Naye pia, anapokwisha kukomaa, huishi kwa muda mfupi tu.

Kinachowaunganisha wadudu hawa ni kwamba sehemu kubwa ya maisha yao haionekani. Hapo ndipo penye mtihani wa kuwahifadhi. Ndege akipungua, watu huona kwamba mlio wake hausikiki tena. Nondo anayekaa miaka mitano ndani ya mti anaweza kuwa ametoweka muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuuliza mbona haonekani taani.

Mahitaji ya pepetuna pia hayatimizwi na mti mmoja uliopandwa uani. Anahitaji gogo linalooza lenye uyoga, kwa ajili ya utoto wake. Anahitaji mti ulio hai na wenye nguvu ya kuponya majeraha, kwa ajili ya miaka yake ya kukua. Na anahitaji vyote viwili viwe jirani, kwa kuwa kiwavi husafiri kwa kutambaa. Msitu uliofagiliwa, ambao magogo yake yote yaliyoanguka yameondolewa ili upendeze macho, humnyima chakula cha kwanza hata kama miti yake imesimama.

Taa za mijini nazo zina sehemu yake. Nondo anayezunguka taa ya barazani hadi alfajiri amepoteza usiku mmoja, na yeye ana usiku wa kuhesabu. Mwenye nyumba anayezima taa hiyo kwa nusu saa tu humpa nafasi ya kurudi msituni, kutafuta mwenzi na kudondosha mayai yake kwenye majani makavu, ambako safari ya miaka mitano huanza upya.